Buibui Walioifunga Kamionete ya Papa

Mwezi uliopita nilikuwa nafuta vumbi kwenye gari la mume wangu, huku mbali ninakoishi siku hizi, kidole changu kikanasa kwenye uzi uliotoka kwenye kioo cha pembeni hadi kwenye mpini wa mlango. Uzi mmoja tu. Niliuvuta, ukanyumbuka, ukakataa kukatika. Mume wangu aliniuliza nimesimama nangoja nini. Wakati ule nilikuwa na miaka minane tena, nimesimama uani kwetu Kalemie, mkononi nina wembe.

Wenzangu wa umri wangu mnaikumbuka miaka ile ya Zaire, gari likifa lilibaki pale pale lilipofia. Kipuri hakikupatikana mjini. Labda Kigoma, ng'ambo ya ziwa, labda Lubumbashi, labda kwa muntu anayemjua muntu. Kila mtaa ulikuwa na gari lake lililolala. Kuku walitaga ndani yake, na sisi watoto tulikaa kwenye viti vyake vilivyochanika tukaenda Ulaya na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Letu lilikuwa kamionete, rangi ya maziwa yaliyochacha, bodi nyuma ya mbao. Papa alikuwa shofa tangu kabla ya kumwoa Mama. Alibeba watu na mizigo kwenye njia ya Nyunzu, na mtaa mzima ulimjua kwa koti lake la ngozi na kwa mluzi aliokuwa akiupiga anapokata kona ya mwisho ya kilima chetu. Nikiusikia mluzi ule nilikuwa nakimbia kufungua lango la matete, na yeye anaingiza gari taratibu, akinitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye nyumba.

Siku kamionete ilipokufa hapakuwa na mluzi. Wanaume sita waliivuta kamionete kwa kamba kutoka mjini hadi juu kwetu, Papa akiwa ameshika usukani, uso umemkauka. Waliisimamisha kati ya ukuta wa nyumba na mpera, wakanywa maji, wakaenda zao. Mimi nilikuwa namenya mihogo mlangoni. Papa alimwendea Mama akamwambia kwa sauti ya chini, "Motere imefunga."

Mama aliweka mkono mdomoni. "Imefunga kabisa?"

"Kabisa."

Hakuna aliyenieleza zaidi, nami sikuuliza, kwa sababu kwetu mutoto hakuuliza mambo ya wakubwa. Lakini neno lile nilienda nalo kulala. Imefunga. Nilijua kufunga mlango, kufunga mbuzi, kufunga mzigo. Kitu hakiwezi kufungwa bila kamba, na kamba haijifungi yenyewe. Asubuhi nilipotoka kwenda kukojoa, jua lilikuwa ndiyo kwanza linapanda kutoka upande wa ziwa, na nikaiona kamba. Ilitoka kwenye retro, kile kioo cha upande wa shofa, ikapita hewani, ikashika tawi la mpera. Nyembamba kuliko unywele, na inang'aa. Nilisimama pale nikijua kitu ambacho Papa mwenyewe hakukijua.

Baada ya wiki moja kamba zilikuwa hazihesabiki. Sijawahi tena kuona wageni wakihamia mahali kwa haraka namna ile. Kwenye magurudumu waliingia wale weusi wa matundu, waliosuka kitu kama faneli na kukaa ndani wakitoa miguu miwili tu ya mbele, kama muntu anayechungulia dirishani. Kwenye taa ya mbele iliyopasuka alikaa mmoja mwenye miguu mirefu kama sindano, ukimpulizia anatetemeka mpaka haonekani. Wale wadogo wa kuruka walitembea juu ya kapo, kile kifuniko cha injini, mchana kutwa, wakisimama, wakigeuka, wakinitazama kwa macho mbele kama ya paka. Na kati ya retro na mpera, pale ulipokuwa uzi wa kwanza, alikuja mkubwa wao.

Alikuwa mpana kama kiganja changu. Mgongo wa fedha na manjano, miguu myeusi yenye bangili za njano. Utando wake ulikuwa mrefu kunizidi, na nyuzi zake hazikuwa nyeupe. Zilikuwa na rangi ya asali, na jua likizipiga pembeni ua wetu wote ulikuwa unaonekana kupitia dhahabu. Kereng'ende alinasa humo akapiga mabawa mara tatu tu. Pembeni mwa utando walikaa buibui wengine wawili wadogo, wekundu, wasiozidi punje ya mtama. Nilidhani ni watoto wake na nikawaonea huruma, kwa sababu mama yao hakuwajali hata kidogo. Nimekuja kusoma ukubwani kwamba wale walikuwa waume.

Ndani ya nyumba tulikuwa na wengine, wale bapa kama wamekanyagwa, wanaoishi nyuma ya kioo na nyuma ya kalenda na kubandika ukutani vile viduara vyao vyeupe kama karatasi. Mama hakuwavumilia. Alivua sapatu na kupiga, pa, bila kusimamisha maneno aliyokuwa akisema. Lakini tangu kamionete ilale, hata Mama alipunguza kuwapiga. Alikuwa na kazi nyingi. Alianza kukaanga mikate alfajiri na kuiuza njiani. Papa aliketi kwenye sanduku la bia uani, mgongo kwa gari, uso kwa ziwa. Koti la ngozi lilitundikwa msumarini. Siku Mama alipolitoa alikung'ute vumbi, ndani ya mkono wake kulikuwa na viduara vyeupe vinne, vimebandikwa kwa mpangilio kama vifungo. Mama alivitazama, halafu akalirudisha koti msumarini bila kuvibandua.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kazi ni yangu.

Nilichukua wembe mkuukuu Papa aliokuwa akikatia kucha. Kila asubuhi kabla ya shule nilikata nyuzi. Nilianza na magurudumu, kwa sababu niliona gari linatembea kwa magurudumu. Nilikata za mlango, za bampa, za antena. Za yule mkubwa sikuthubutu kuzigusa, nilizunguka mbali naye. Jioni kila kitu kilikuwa safi. Asubuhi nyuzi zote zilikuwa zimerudi, mahali pale pale, zimekazwa upya, zina matone ya umande. Niliogopa, lakini haikuwa ile hofu ya kukimbia. Ilikuwa hofu ninayoijua sasa kanisani, ya kusimama mbele ya kitu kisicho na haja na ruhusa yako.

Jirani yetu, Mama Zaituni, alinikuta katika kazi hiyo. Alikuwa mjane, mwislamu, babu zake walikuja na biashara kutoka ng'ambo, naye alikuwa akinunua ndagala kwa wavuvi, kuwakausha na kuwapeleka Nyunzu. Mizigo yake mingi ilikuwa ikisafiri na Papa. Aliegemea ukuta, kilemba chake kimelegea, akanitazama kwa muda.

"Feza, uko unafanya nini na huo wembe?"

"Nakata, Mama."

"Usikate, mutoto yangu. Buibui ana heshima yake. Mtume alipokuwa anafukuzwa na watu wenye panga, aliingia ndani ya pango. Buibui akaja akasuka utando mlangoni. Wale maadui wakafika, wakaona utando mzima, wakasema humu hakujaingia muntu. Wakarudi."

"Utando tu njo uliwazuia?"

"Utando tu."

"Wote na panga zao?"

"Wote."

Alidhani amenifundisha huruma. Mimi nilichokisikia kilikuwa uthibitisho. Kama uzi ule uliwazuia wanaume wenye panga, kamionete moja ya Papa ingewezaje kujinasua? Nilimwambia asante, nikangoja aingie ndani, nikaendelea kukata.

Kisha akaja Papa Mwamba. Alikuwa mfanyabiashara wa Manono, mnene, mwenye sauti nzuri, anayezunguka akinunua magari yaliyokufa ili ayachinje: magurudumu huku, sanduku la gia kule, mabati kwa wafua sufuria. Aliizunguka kamionete mara mbili, mikono nyuma. Alipofika kwenye utando wa njano aliinama akapita chini yake bila kuugusa, na kwa hilo nikamchukia kidogo tu badala ya sana.

"Sitwayeni," alimwambia Papa, "hii haitaamka tena. Unajua wewe kunizidi."

"Ninajua."

"Nitakuja kuichukua Alhamisi ya wiki ijayo. Nitaleta watu wa kuivuta."

Papa alikubali kwa kichwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la unga. Aliingia ndani, nikasikia bakuli likiwekwa mezani, halafu kimya kirefu, na kimya kile ndicho kilichonitia ujasiri. Ikiwa gari litaondoka Alhamisi, basi muda wa kumkwepa mkubwa wao umekwisha.

Kesho yake mchana, Papa akiwa amelala na Mama yuko njiani na mikate yake, nilikata fimbo ya mpera nikasimama mbele ya utando. Kwa karibu alikuwa mzuri kupita nilivyojua. Nilimwambia kwa adabu, kama tulivyofundishwa kuongea na wakubwa, kwamba namwomba aifungue gari ya Papa kwa sababu Papa hapigi tena mluzi. Nilimpa muda wa kujibu. Halafu nikafumba macho nikapiga.

Nyuzi hazikukatika. Zililia. Mtu asiyewahi kukata utando wa buibui yule hawezi kuniamini, lakini zilitoa sauti kama kitambaa kinachopasuliwa chumba cha pili, na fimbo ikanata. Nilipofumbua macho nusu ya utando ilikuwa imenifunika kifua na shingo, na yeye alikuwa juu ya mkono wangu, karibu na kiwiko, miguu yote minane imetulia. Hakuwa na uzito. Hilo ndilo lililonishangaza: nilitegemea uzito. Nilihisi ncha ndogo nane tu, kama mtu amenigusa kwa ncha za majani makavu.

Sikulia. Nilibaki nimesimama nimenyoosha mkono, sijui kwa muda gani, mpaka niliposikia sauti ya Papa nyuma yangu.

"Usitikisike."

Alikuja polepole, akaweka kiganja chake mbele ya buibui na kumsukuma kwa kidole kwa nyuma. Yule mkubwa alipanda mkono wa Papa kama anayepanda ngazi ya kwao. Papa akampeleka kwenye mpera, akamngoja ashuke mwenyewe. Kisha akarudi, akachuchumaa mbele yangu, akaanza kunitoa nyuzi shingoni.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nafungua gari."

"Unafungua nini?"

"Gari, Papa. Ulisema imefunga. Hawa njo waliifunga. Mimi nakata kila siku, lakini wako wengi, na wanafunga tena nikiwa shule."

Nilimwona akitaka kucheka. Midomo ilianza. Halafu macho yake yakaenda kwenye magurudumu, yakaona nyuzi zilizokatwa wiki baada ya wiki zikining'inia, safu juu ya safu, yakaona wembe wangu juu ya bampa. Hakucheka. Alikaa chini kabisa, kwenye vumbi, shofa na suruali yake safi.

"Kila siku?"

"Isipokuwa siku ya Mungu."

Kisha akasimama, akafungua kapo, ambayo hakuwa ameigusa tangu siku ile ya kamba, na akaninyanyua nikae juu ya ukingo wa mbele, miguu yangu ikining'inia ndani kwenye motere.

Ningependa kuwaandikia kwamba Papa alimwona buibui akisuka upya na akajifunza subira. Sivyo ilivyokuwa. Papa hakumtazama tena buibui hata mara moja. Alichokifanya alikifanya kwa sababu hakutaka mutoto wake akue akiamini kitu kisicho kweli. Alinionyesha mahali pa bujii, zile plagi za kuwasha moto, akaniambia chini yake kuna pistoni nne, zinapanda na kushuka kama watu wanaotwanga kwa zamu. Maji ya kupoza yakiisha, chuma kinapata moto, kinavimba, kinashikana na ukuta wake. "Njo hivyo motere inafunga. Hakuna aliyeifunga. Ni mimi."

"Wewe?"

Ndipo akaniambia. Alikuwa anatoka Nyunzu, bomba la maji limepasuka, amelifunga kwa utambara wa mpira, anasimama kila mahali penye maji na kujaza. Kwenye kilima kimoja akamkuta mwanaume anasukuma kinga, yaani baiskeli, na juu yake amekaa mke wake, uchungu umemshika tangu juzi. Walikuwa wanaenda hospitali kwa miguu. Papa akawapakia. Mshale wa joto ulipofika kwenye nyekundu, njia ilikuwa kavu, hakuna mto wala dimbwi.

"Ningesimama ningojee ipoe, motere ingepona," alisema.

"Na yule mama?"

Alikuwa anajifuta grisi kwenye kidole ambacho hakikuwa na grisi. "Niliwafikisha mpaka mulangoni. Wakamteremsha. Motere ikalia mara moja, ikanyamaza. Alizaa mutoto muke. Yuko mzima."

"Jina lake nani?"

"Sikuuliza."

"Mama anajua?"

"Mama anajua yote."

Nilifikiria bakuli la unga na kile kimya. Nilimtazama Papa, nikamuuliza kitu pekee nilichokuwa nacho kichwani, yaani kama pistoni imeshikana na ukuta, si mtu aibandue polepole? Papa akaniambia fundi mmoja wa zamani alikuwa akimwaga petroli ya taa kwenye matundu ya bujii, anaiacha inywe siku nyingi, halafu anaisukasuka gari mbele na nyuma. Mara nyingine ilikubali. Mara nyingi haikukubali.

"Tuna siku ngapi?" niliuliza.

"Nane."

Alikwenda ndani akachukua kibatari chetu, akamimina petroli yake yote kwenye chupa, akaichanganya na mafuta machafu ya motere, akaimwaga kwenye matundu ya bujii. Jioni ile tulikula mapema, jua bado lipo, kwa kuwa taa haikuwa na cha kunywa. Mama hakuuliza.

Tangu siku hiyo, kila alfajiri na kila jioni kabla ya giza, Papa aliweka gia ya juu, akashika mlango, akasukuma kwa bega. Mimi nilisukuma nyuma. Siku ya pili Mama aliweka chini beseni la mikate, akakaza kitenge, akaja upande wangu. Siku ya tatu Mama Zaituni alikuja bila kuitwa. Kamionete ilikuwa kama imeota mizizi. Ilisogea urefu wa kidole, ikagoma, ikarudi. Nyuzi zote za magurudumu zilikatika kwa mtikisiko, na asubuhi zilikuwa zimerudi, na sasa ziliponifunika mikono sikuzichukia tena. Yule mkubwa alikuwa amesuka utando mwingine, juu zaidi, upande wa nyumba. Siku ya tano hakuwepo. Nilimtafuta kwa mpera mzima. Nilichokiona ni ndani ya gari, juu ya kiti cha shofa, pale kioo kilipovunjika: kifurushi cha nyuzi za njano, laini kama pamba, ukubwa wa ngumi yangu, kimebandikwa kwenye pembe ya paa.

Nilimwita Papa nikidhani atakitoa. Alikigusa kwa kucha. "Mayai yake. Yaache. Hayanywi esansi, hayatatumalizia mafuta."

Jumatano jioni, siku moja kabla ya Papa Mwamba kuja, tulisukuma mara ya kumi na nne au kumi na tano. Mama aliteleza akapiga goti. Papa alisema, "Inatosha," na Mama, akiwa bado chini, akasema, "Bado moja." Tukasukuma. Kitu kikalia ndani ya kile chuma, *kak*, kama fundo la mti linalopasuka motoni, na kamionete ikatoka mbele, ikatuacha sote watatu, Mama Zaituni akiwa wa nne, tumeangukiana kwenye vumbi. Ilikwenda mpaka ukuta wa jiko ikasimama. Papa alilala pale pale chali, akatazama juu, kifua kikipanda na kushuka.

Papa Mwamba alifika kesho yake na wanaume wake na kamba. Papa alimwambia ukweli. Mfanyabiashara aliingiza kichwa chini ya kapo, akazungusha feni kwa mkono, ikazunguka. Akafuta jasho.

"Nimekuja kutoka mbali, Sitwayeni."

"Ninajua. Unisamehe."

"Basi unirudishe. Ikifika Nyunzu nitapanda treni." Akawageukia watu wake akawaambia wafungue kamba, wamsaidie Mama Zaituni kuleta magunia yake.

Ilibidi wangoje bomba jipya na batri ya kuazima, na siku mbili zikapita. Jumamosi asubuhi magunia ya ndagala yalikuwa yamepangwa nyuma, Papa Mwamba, watu wake wamekwisha kwenda zao, amekaa juu yake kama chifu, Mama Zaituni yuko ukutani na maagizo yake. Papa alikuwa amevaa koti. Alifungua mlango, akaweka mguu ndani, halafu akautoa.

"Feza. Njoo uone."

Kile kifurushi kilikuwa kimefunguka. Paa lote la ndani lilikuwa linatembea. Buibui wadogo kama vumbi la pilipili, mia ngapi sijui, walikuwa wakitoka kwenye pamba ya njano na kumiminika kupitia kioo kilichovunjika, wakipanda kuelekea juu, juu tu, kwenye retro, kwenye ukingo wa paa, kwenye ncha ya antena. Wakifika mwisho wa kila kitu walisimama kwenye ncha za miguu, wakainua matako yao hewani, na kutoka hapo ukatoka uzi, mmoja kwa kila mmoja, ukirefuka bila kufungwa popote.

Upepo wa asubuhi ulikuwa unapanda kutoka ziwani. Wa kwanza aliondoka. Alikuwepo kwenye antena, halafu hakuwepo. Uzi uling'aa mara moja juu ya kichwa cha Papa Mwamba ukapita. Wa pili, wa kumi. Halafu wote. Hewa ya uani kwetu ikajaa nyuzi, zikipanda kwa mshazari, zikishika jua na kuliachia, juu ya paa la jiko, juu ya mpera, juu ya kilima, na kwenye kila uzi muntu mdogo asiyejua anakwenda wapi. Nilitaka kuwahesabu, nikashindwa, nikabaki mdomo wazi. Mmoja alinitua kwenye nyusi, akafikiri, akaenda.

Papa alikuwa na ufunguo mkononi. Njia ilikuwa ndefu na jua lilikuwa linakwenda. Alimtazama Mama Zaituni, kwa sababu ndagala walikuwa wake.

"Waache waishe," Mama Zaituni alisema. "Ndagala wamekwisha kufa, hawana haraka."

Mama alitoka jikoni, akasimama katikati ya ua. Mikono yake ilikuwa na unga mpaka viwiko na nyuzi zilimshika nywele, mabega, kope. Mwanamke yule ambaye nimemwona akiua buibui bila kumeza mate, alisimama bila kujifuta, akageuza uso polepole kufuata zile nyuzi zikipanda. Tulingoja hivyo, watu wazima wanne na mimi, pengine saa nzima, mpaka antena ikawa antena tena.

Kamionete ile ilifanya kazi miaka mitatu zaidi, ikifuka moshi wa buluu, kisha ikauzwa, na Papa akapata kazi bandarini ambayo hakuipenda lakini aliifanya. Yule mtoto wa njia ya Nyunzu hatukuwahi kumjua. Papa ametangulia sasa, miaka mingi, na Mama pia. Lakini asubuhi ile motere ilikohoa mara tatu na kuwaka, na mimi nikaruhusiwa kukaa mbele hadi daraja la Lukuga. Papa aliendesha akiinamia usukani, akisikiliza. Hakupiga mluzi. Alisikiliza tu, njia nzima, kama mtu anayesikiliza pumzi ya mgonjwa. Darajani akasimama pembeni bila kuzima, akanifungulia mlango.

"Kimbia nyumbani. Mwambie mama yako nimefika darajani na mshale haujapanda."

Nilikimbia kilima chote, nikiyarudia maneno yale nisije nikapoteza hata moja. Mama alikuwa ameinama anaosha beseni la unga. Nikamwambia. Hakugeuka, lakini mikono yake ilisimama ndani ya maji.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.